Utani wa Angani: The Orville, Star Trek na Hukumu ya Mashabiki

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta katika ukurasa huu uhakiki wa riwaya, diwani au tamthilia ya jukwaani. Safari hii tunawaomba radhi, kwani tunakusudia kuhakiki mfululizo wa runinga wa Marekani ambao wahusika wake husafiri angani, hupigana na viumbe wa sayari nyingine, hutaniana, kisha hurudi mezani kula. Sababu ni mjadala uliozuka darasani tulipokuwa tukifundisha kejeli na tashtiti. Mwanafunzi mmoja alitoa mfano wa The Orville. Mwenzake akamkatiza akisema kwamba hicho ni kichekesho tu, tena cha kuiga, hakistahili kutajwa pamoja na kazi za fasihi. Wa tatu, kijana aliyezoea kukaa nyuma bila kusema neno, akainuka kumtetea wa kwanza kwa hasira ambayo hatujapata kuiona darasani mwetu ikitolewa kwa ajili ya Shaaban Robert. Somo likaisha bila muafaka. Tuliahidi kwamba tungetazama wenyewe, tukatazama misimu yote mitatu, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Kwa wasioufahamu, The Orville ulibuniwa na Seth MacFarlane, mtu aliyejulikana zaidi kwa katuni za Family Guy, ambazo mzaha wake haumheshimu mkubwa wala mdogo. Ulianza kuonyeshwa na kituo cha Fox tarehe 10 Septemba 2017. Misimu miwili ya kwanza ilionyeshwa huko, na msimu wa tatu ukatoka Hulu mwaka 2022. Jumla yake ni sehemu 36. Kisa kinatokea katika karne ya 25. Ed Mercer, anayeigizwa na MacFarlane mwenyewe, anarudi nyumbani na kumfumania mkewe na kiumbe wa sayari nyingine mwenye ngozi ya buluu. Mwaka mmoja baadaye, baada ya kuzama katika ulevi na uzembe, anakabidhiwa chombo cha anga kiitwacho Orville, na msaidizi wake mkuu anayeletewa ni yule yule aliyekuwa mkewe, Kelly Grayson. Hapo ndipo safari inapoanza.

Aliyepata kutazama Star Trek: The Next Generation, mfululizo ulioonyeshwa kuanzia mwaka 1987 hadi 1994, haimchukui dakika kumi kutambua kwamba yumo nyumbani. Sare za rangi zinazoonyesha idara ya kila mtu zimo. Ukumbi wa kuongozea chombo, wenye zulia na viti vya kustarehesha, umo. Mezani wanakaa maofisa kujadili maadili kabla ya kufyatua silaha, na kuna kiumbe asiye na damu anayeshangaa kwa nini wanadamu hulia. Hata muziki wa mwanzo unapigwa na okestra kamili kama zamani. Wala huku si kufanana kwa bahati. Brannon Braga, aliyeandikia The Next Generation, ni mmoja wa watayarishaji. Jonathan Frakes, aliyeigiza Riker katika mfululizo huo wa zamani, ameongoza baadhi ya sehemu za huu mpya. Penny Johnson Jerald, ambaye hapa ni Daktari Finn, alipata kuigiza katika Star Trek: Deep Space Nine. MacFarlane naye alipata nafasi ndogo ya kuigiza katika Star Trek: Enterprise.

Majuma mawili tu baada ya The Orville kuanza, yaani tarehe 24 Septemba 2017, ulianza mfululizo rasmi mpya wa ukoo ule, Star Trek: Discovery. Huu ulikuwa na jina, hati na haki zote za urithi, lakini sura yake ilikuwa imebadilika: vita, giza, kisa kimoja kirefu kinachoendelea juma hadi juma. Mashabiki wakajikuta mbele ya mrithi mwenye jina lakini asiye na sura ya baba, na mgeni asiye na jina lakini mwenye sura ya baba mtupu. Yule aliyepata kushuhudia ugomvi wa mirathi hatashangaa kusikia yaliyofuata.

Wahakiki wengi wa magazeti ya Marekani waliuponda The Orville mwanzoni. Shutuma yao kubwa ilikuwa kwamba haujui unataka kuwa nini: wakitaka kucheka, unawahubiria, na wakianza kuguswa, mtu anatoa mzaha wa chooni. Mashabiki, kwa jumla, waliupokea kwa furaha. Lakini ni makosa kuwachukulia mashabiki kama kundi moja lenye sauti moja. Wako waliosema kwamba huu ni wizi uliovikwa kofia ya kuchekesha ili mwenye mali asishtaki. Wako walioona kwamba hii ndiyo Star Trek ya kweli, na kwamba mizaha ni maganda tu yanayopaswa kumenywa ili tunda lionekane. Na wako, wachache lakini wenye hoja nzito kwa maoni yetu, waliosema kwamba mizaha si maganda hata kidogo, bali ndiyo inayomruhusu mtazamaji wa leo kuamini tena yale matumaini ya zamani bila kuona haya.

Swali linaloulizwa katika mabishano yote haya ni moja: je, kazi hii inatucheka, au inacheka pamoja nasi? Tunaposoma nadharia za Kimagharibi tunapewa istilahi nyingi za kulijibu, na wanafunzi wetu huzikariri vizuri. Sisi tunadhani jibu lipo karibu zaidi. Tulipokuwa tukisomea shahada ya uzamili Dar es Salaam, tulikwenda kuhani msiba wa jirani yetu, mzee wa Kinyamwezi. Wafiwa wamekaa kimya, machozi yanawatoka. Mara akaingia mwanamke mmoja wa Kizaramo akipiga kelele kwamba marehemu amekufa makusudi ili asilipe deni lake la shilingi mia nane, na kwamba yeye hatoki hapo mpaka alipwe. Akajilaza mkekani, akaiga jinsi mzee alivyokuwa akikoroma. Sisi wageni tuliduwaa. Wafiwa wakacheka huku wanalia. Baada ya kitambo tukamwona mama huyo huyo jikoni, amejifunga khanga kiunoni, anakoroga sufuria la wali kwa mwiko, jasho linamtiririka. Alikuwa mtani.

Jambo tulilojifunza siku ile, na ambalo vitabu vya istilahi huligusa juu juu, ni kwamba utani si maneno peke yake. Mtani hupewa ruhusa ya kusema lisilosemeka kwa sababu mbili: ana uhusiano unaotambuliwa na pande zote, na atafanya kazi. Anayekuja msibani kuchekesha na kuondoka bila kushika jembe wala mwiko huyo si mtani, ni mfidhuli. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba The Orville na kazi za aina yake zipimwe hivyo. Tusiulize tu kama zinachekesha, wala kama zinaheshimu. Tuulize: baada ya kucheka, zilishika mwiko?

Kabla ya kujibu, ni vyema kukumbuka kwamba The Orville haukuwa wa kwanza kuingia katika nyumba hii kwa mlango wa mzaha. Mwaka 1999 ilitoka filamu Galaxy Quest, iliyoongozwa na Dean Parisot, juu ya waigizaji waliochoka wa mfululizo wa zamani wa anga ambao wanachukuliwa na viumbe wa kweli wa angani. Viumbe hao hawajui uigizaji ni nini, wanadhani kila kilichoonyeshwa ni historia. Filamu inawacheka waigizaji, inawacheka mashabiki wanaokariri kila undani wa chombo kisichokuwapo. Lakini mwishoni ni mashabiki hao hao, vijana walio nyumbani kwao, ambao ujuzi wao wa kipuuzi unaokoa watu. Mwaka 2013, mashabiki waliokusanyika Las Vegas walipopanga filamu zote za Star Trek kwa ubora, waliitia Galaxy Quest katika orodha, ingawa si ya ukoo huo, wakaipa nafasi ya saba. Filamu halisi za ukoo zikawa chini yake. Tunaona hapo mashabiki wakitoa hukumu ya utani kwa vitendo: huyu ametucheka, lakini ameshika mwiko, basi akae mezani.

Turudi kwa The Orville, na tuanze na sehemu ambayo karibu kila shabiki huitaja, ya tatu katika msimu wa kwanza, iitwayo About a Girl. Bortus ni ofisa wa jamii ya Wamoklan, ambao husemekana kuwa wanaume watupu. Yeye na mwenzi wake Klyden wanapata mtoto, na mtoto ni wa kike. Kwao jambo hilo ni kasoro ya kurekebishwa kwa upasuaji mara moja. Bortus mwanzoni anakubaliana na mila yake. Wenzake wanamsihi, wanamtolea hoja za haki na utu, na hoja zote zinagonga mwamba. Ndipo Gordon rubani na LaMarr, watu wawili ambao mfululizo umetufundisha kuwachukulia kama wapuuzi, wanakwenda kwake na vinywaji na kumwonyesha filamu ya watoto ya mwaka 1964 kuhusu Rudolph, yule mnyama wa nchi za baridi mwenye pua nyekundu inayong'aa, aliyechekwa na wenzake mpaka usiku wa ukungu pua yake ilipohitajika. Bortus anatazama kwa uso wake mzito usiotabasamu. Kesho yake amebadili mawazo.

Wahakiki waliikejeli sehemu hii: suala zito kama hili litatuliwe kwa katuni ya Krismasi? Sisi tunaofundisha fasihi tunashangaa kidogo na kejeli hiyo. Kila mwaka tunasimama mbele ya wanafunzi tukidai kwamba hadithi hubadilisha watu. Hapa tunaonyeshwa mtu mmoja akibadilishwa na hadithi, tena hadithi ya watoto isiyo na hadhi yoyote, kama vile ngano za sungura na fisi zilivyokosa hadhi kwa muda mrefu katika mitaala. Tunacheka kwa sababu Bortus anaichukulia filamu ile kwa uzito kuliko mtu yeyote aliyewahi kuitazama. Na katika kucheka kwetu tunapitishwa mlango ambao hotuba haikuweza kuufungua.

Lakini waandishi hawakuishia hapo, na hili ndilo lililotufanya tuache kutazama kama wazee wanaochunguza starehe za vijana. Kesi inapelekwa mbele ya baraza la Wamoklan. Kelly anakuwa wakili. Anaita mashahidi, baadhi yao wa kuchekesha: Gordon anahojiwa ili kuthibitisha kwamba mwanamume naye anaweza kuwa mjinga, na anathibitisha kikamilifu. Kisha analetwa Heveena, mwanamke wa Kimoklan aliyeishi mafichoni milimani maisha yake yote, na inadhihirika kwamba yeye ndiye mwandishi mkuu anayesifiwa na sayari nzima kwa jina la kiume. Mtazamaji anajua, au anadhani anajua, kwamba sasa kesi imeshinda. Haikushinda. Baraza linaamua upasuaji ufanyike, na unafanyika. Bortus na Klyden wanabaki na mtoto wao, Topa, na kipindi kinakwisha.

Mashabiki waligawanyika vikali juu ya mwisho huu. Baadhi waliona kwamba waandishi waliogopa. Wengine walikumbuka The Outcast, sehemu ya The Next Generation ya mwaka 1992, ambamo Riker anampenda mtu wa jamii isiyo na jinsia na mpenzi huyo anashurutishwa kubadilishwa fikra. Huko pia mwisho ulikuwa wa kushindwa. Sisi tunasema kwamba The Orville hapa haukunakili tu umbo la The Outcast. Umeongeza kitu. Katika ushairi wetu iko sanaa ya takhmisa: mshairi huchukua beti za mwingine, hazibadilishi, bali huongeza mishororo yake mpaka ubeti ukawa wa mishororo mitano. Takhmisa nzuri humfanya msomaji asikie upya mishororo ile ya zamani. Kilichoongezwa hapa ni ile filamu ya Rudolph, yaani mzaha. The Outcast ilishindwa kwa huzuni tangu mwanzo. About a Girl ilitupa kicheko na matumaini ya kitoto kwanza, ndipo ikatunyang'anya. Kushindwa kulikotanguliwa na kicheko kunauma kwa namna nyingine.

Mfano wa pili ni mdogo lakini tunaupenda zaidi. Katika sehemu iitwayo Pria, iliyoongozwa na Frakes, Gordon anajaribu kumfundisha Isaac, kiumbe wa kutengenezwa wa jamii ya Wakaylon, maana ya mizaha ya kufanyiana. Gordon anambandika usoni vipande vya sanamu ya kiazi ya watoto na Isaac anaingia mkutanini hivyo hivyo. Ikawa zamu ya Isaac kujibu. Usiku, Gordon akiwa amelala, Isaac anamkata mguu na kuuficha. Asubuhi Gordon anaamka bila mguu, anapiga yowe, Isaac anamweleza kwa utulivu kwamba amemfanyia mzaha. Daktari Finn anauotesha mguu mwingine, na mguu wa zamani baadaye unadondoka kutoka darini. Tulicheka mpaka majirani wakagonga ukuta.

Anayejua utani anaelewa kilichotokea. Isaac ameijua kanuni ya nje, kwamba unamfanyia mwenzako jambo asilolitarajia, lakini mpaka haujui. Hajui kwamba utani hukaa juu ya mapenzi, na kwamba mtani hamkati mtu mguu hata kama mguu utaota. Mwaka 2019, katika sehemu mbili za msimu wa pili ziitwazo Identity, tunagundua kwamba Wakaylon waliwaua wote waliowatengeneza, waliokuwa wakiwatesa, na kwamba Isaac alitumwa chomboni kuwapima wanadamu. Jamaa zake wanakiteka chombo ili wakaiangamize Dunia. Isaac anasimama upande wao, mpaka anapoamriwa kumuua mtoto wa Daktari Finn, hapo anageuka. Mashabiki wengi walizisifu sehemu hizi kama wakati ambapo The Orville ulikomaa na kuacha utoto wa mizaha. Tunaona kinyume. Mguu uliokatwa ulikuwa ni dalili. Waandishi walituchekesha kwa tabia ile ile ambayo baadaye ilitutisha. Ukiondoa kicheko cha kwanza, usaliti wa pili unakuwa ni vita tu vya roboti, na vita vya roboti tumeviona vingi.

Hatusemi kwamba mizaha yote ina uzito huo. Nyingi, hasa katika msimu wa kwanza, ni takataka. Ugomvi wa Ed na Kelly juu ya fumanizi lile unarudiwa mbele ya maadui, mbele ya wakubwa wao, mbele ya yeyote aliyepo, mpaka mtu anatamani ndoa ile irudishwe ili tupumzike. Mizaha ya Gordon juu ya maungo ya watu ni ya mabweni ya shule. Iko tofauti kubwa kati ya hiyo na sherehe ya Ja'loja inayofungua msimu wa pili: Wamoklan huenda haja ndogo mara moja tu kwa mwaka, kwa hiyo Bortus anahitaji kurudi kwao kufanya ibada hiyo kwenye ukingo wa jabali. Chombo kizima kinabadili njia, wenzake wanamsindikiza na kusimama kwa adabu wakisubiri. Ni mzaha wa chooni, hatukatai, lakini ndani yake mna heshima kamili kwa mila ya mtu mwingine, na hakuna anayemcheka Bortus ila sisi. Mizaha ya Gordon haimwoni anayetaniwa, lakini huu wa Ja'loja unamtazama Bortus tangu mwanzo hadi mwisho.

Msimu wa tatu, wa mwaka 2022, uliwaridhisha wale waliotaka maganda yamenywe. Sehemu zikarefuka, nyingi zikizidi saa moja, picha zikapendeza, mizaha ikapungua sana. Na humo mna kazi bora kuliko zote, A Tale of Two Topas, ambamo yule mtoto wa Bortus, sasa amekua, anahisi kwamba kuna kitu ndani yake hakikai sawa, anagundua alichofanyiwa, na anaomba arudishwe alivyozaliwa. Sheria na siasa za Muungano zinamzuia daktari, hivyo Isaac ndiye anayefanya upasuaji. Klyden, ambaye naye alizaliwa mwanamke, anamwambia mtoto wake maneno yasiyosameheka na kuondoka. Uso wa Bortus katika tendo lile, uso ule ule mzito uliotuchekesha mbele ya Rudolph, hatuna haja ya kuueleza.

Je, sehemu hii inathibitisha kwamba wapinga mizaha walikuwa na haki? Kijana wetu wa nyuma ya darasa anadai hivyo, na hapa tunatofautiana naye. A Tale of Two Topas inasimama kwa miguu ya miaka mitano ya kucheka na Bortus. Tulimpenda kwa sababu ya Ja'loja. Mahali ambapo msimu wa tatu haukuwa na akiba ya namna hiyo, hasa pale ulipojaza nafasi kwa mapambano marefu ya vyombo angani, ulifanana na mfululizo wowote mwingine wenye fedha nyingi. Mtani aliyeamua kuwa mwombolezaji wa kawaida amepoteza kiti chake maalumu, na waombolezaji wa kawaida wako wengi.

Uthibitisho mwingine umetoka ndani ya ukoo wenyewe. Kuanzia mwaka 2020 hadi 2024 ilionyeshwa katuni rasmi, Star Trek: Lower Decks, ya Mike McMahan, kuhusu maofisa wadogo wanaofanya kazi ambazo makapteni hawazioni: kusafisha, kutengeneza, kuhesabu masanduku. Mashabiki walioanza kwa kununa waliishia kwa kuililia ilipokwisha baada ya sehemu 50. Hii haina haja ya kujificha nyuma ya majina ya kubuni. Inataja kila kitu kwa jina lake na kukitania kama mjukuu anavyomtania babu. Tukilinganisha, Lower Decks ni ya kuchekesha zaidi na ina maarifa zaidi ya ukoo. The Orville una ujasiri zaidi, labda kwa sababu mgeni halindi jina la familia.

Na sisi Waswahili tuna kiti gani katika baraza hili? Tunacho, tena cha mbele. Katika Star Trek ya kwanza kabisa, iliyoanza tarehe 8 Septemba 1966, ofisa wa mawasiliano ni Uhura, aliyeigizwa na marehemu Nichelle Nichols. Jina hilo linatokana na neno letu uhuru. Nichols alipata kueleza mara nyingi kwamba siku ya majaribio alikuwa na riwaya yenye jina hilo mkononi. Katika sehemu ile ya kwanza kuonyeshwa, kiumbe mwenye kubadili umbo anamjia Uhura kwa sura ya mwanamume anayezungumza naye Kiswahili, na mwaka 1967, katika The Changeling, Uhura aliyefutwa kumbukumbu anajifunza kusoma upya, na akikwama anarukia Kiswahili. Lugha yetu imekuwamo angani tangu mwanzo, miaka michache tu baada ya nchi zetu kupata hiyo uhuru yenyewe.

Lakini kwa nini Uhura na si Uhuru? Kwa sababu wabunifu walitaka jina lisikike la kike, wakatia irabu ya a mwishoni, kana kwamba Kiswahili hubagua jinsia kwa irabu kama Kihispania. Mwalimu yeyote wa ngeli atakuambia kwamba uhuru hauna mke wala mume. Tumekuwa tukilitaja kosa hili kwa mzaha darasani kwa miaka, na wanafunzi hucheka. Hatujawahi kusikia hata mmoja akisema kwamba kwa sababu hiyo Uhura si wetu. Mwaka 2009 filamu mpya ikampa jina la kwanza, Nyota, nalo limekaa sawasawa. Tunapomtania Uhura kwa irabu yake tunafanya kile kile wanachokifanya mashabiki wa Marekani kwa sare na milango inayojifungua yenyewe.

Yule kijana wa nyuma ya darasa ameandika pendekezo la tasnifu ya mwaka wa mwisho kuhusu utani kama nyenzo ya uhakiki wa vipindi vya anga, na mfano wake mkuu ni Bortus. Kikao cha kupitisha mada kiliirudisha karatasi yake na maneno mawili pembeni: si fasihi. Tumemshauri abadilishe kichwa cha habari na asibadilishe mada. Ameongeza sura moja juu ya takhmisa, na ameondoa, kwa shingo upande, ukurasa mzima uliokuwa ukimtetea Gordon. Kikao kitakaa tena muhula ujao, nasi tutakuwamo.